Udongo wa Kufika Goti

Anastazia alikabidhiwa shamba lake mchana kweupe, mbele ya watu, na kila aliyekuwepo alijua kwamba anakabidhiwa kidonda.

Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki uani kwa shemeji yake Makongoro, karibu na zizi, katika kijiji kimoja cha Butiama. Mumewe, Chrispin, alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Mzee Yakobo, ambaye ndiye aliyekuwa akisikilizwa na wote, alikohoa, akasema:

"Shamba la Chrispin ni la mkewe. Hatuwezi kumfukuza. Lakini ukoo huu hauachi ardhi ilale tu. Msimu huu wa masika alime, na wa mwakani alime. Likitoa chakula, ni lake mpaka anaingia kaburini. Lisipotoa, linarudi kwa ndugu wa marehemu."

Ndugu wa marehemu alikuwa Makongoro, na Makongoro aliitikia kwa kichwa kwa upole, kama mtu anayeongezewa mboga. Alilijua shamba lile. Yeye ndiye aliyeliua.

Ilikuwa hivi. Chrispin alipougua, Anastazia alimpeleka Musoma, wakakaa kwa dada yake Bweri, akimuuguza. Huku nyuma Makongoro aliwakodisha shamba lao watu wa marudio, wale wanaochukua mchanga wa zamani wa machimbo na kuuosha tena kwa dawa wapate dhahabu iliyobaki. Hakumuuliza mgonjwa, hakumuuliza mke wa mgonjwa. Trekta lilikuja likaangusha nyumba, likaparua udongo wote mweusi wa juu likausukuma pembeni, kisha watu wakachimba mabwawa, wakamwaga mchanga wao, wakavuta maji kutoka shimo la zamani la machimbo. Maji yale yalikuwa ya chumvi hata ng'ombe waliyakataa. Walipomaliza waliondoka, na shamba likabaki jeupe kama mtu amemwaga unga akasahau kuuzoa.

Anastazia alirudi na jeneza juu ya gari, akakuta hana mlango wa kulipitishia. Chrispin alilazwa usiku wake wa mwisho sebuleni kwa Makongoro, katika nyumba ambayo mabati yake yalikuwa bado yanang'aa kwa upya, na watu wakamsifu Makongoro kwa ukarimu. Anastazia alisikia sifa hizo zote. Hajasahau hata moja.

Alijenga kibanda cha udongo kwenye kona ya shamba, karibu na kaburi, mahali pekee ambapo trekta halikufika. Hakusoma. Kwao Bukima, watoto wa kiume ndio walioenda shule, wa kike walikwenda ziwani kuanika dagaa. Kazi iliyomlisha tangu usichana wake ilikuwa kusiriba kuta na kushindilia sakafu za udongo. Alikuwa na mti wake bapa wa kushindilia, mzito, uliolainika mpini kwa mikono yake. Akigonga sakafu kwa mti ule, unaweza kumwaga uji ukaukomba kwa kijiko.

Basi shamba nalo alilitendea kama alivyojua. Alibeba udongo mzuri kwa karai kutoka bondeni kwenye kijito, kichwani, asubuhi hadi jua kali, akautandaza juu ya ule weupe. Kila mahali ulifika kina cha kiganja. Alipoona upepo unaopanda kutoka ziwani unaurusha ule udongo, alichukua mti wake akaushindilia. Aligonga shamba zima, mstari kwa mstari, hadi likawa gumu na laini.

Wifi yake alikuja kuangalia. Huyu aliitwa Wegesa, dada yake Makongoro na marehemu, mwanamke aliyeachika zamani akarudi nyumbani, na sasa alikula na kulala kwa hisani ya kaka yake. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko panga.

"Wifi," alisema, akiukanyaga ule udongo kwa kisigino, "hapa unalima au unatutengenezea uwanja wa ngoma? Maana mimi nikianza kucheza sitoki."

"Cheka. Kucheka kwenu ndiyo nimeshazoea."

"Mimi sijawahigi kukuchekea ubaya."

"Na wema je? Ulishawahi kunisemea hata neno moja?"

Wegesa aligeuka. Alivuta kanga yake mabegani akaenda zake.

Masika ilikuja vizuri. Anastazia alitoboa mashimo kwa sululu ndogo akapanda mtama, na mtama ukaota, ukanyanyuka, ukawa kijani hata watu waliopita njiani walisimama. Makongoro mwenyewe alisimama, na uso wake ukapoteza ule upole. Anastazia alilala vizuri majuma yale.

Kisha mvua ikakatika. Ncha za majani zilianza kuungua kama zimepitishwa motoni. Kwenye udongo ukatokea mstari mweupe, kisha mwingine, kisha yote ikaungana. Mtama ulikufa ukiwa umesimama, masuke yake matupu kama fagio. Anastazia aling'oa shina moja akalamba udongo ulioshika mizizi. Ilikuwa chumvi.

"Pole sana, shemeji," Makongoro alisema kutoka upande wake wa mikonge, ile iliyopandwa zamani kuwa mpaka. "Ardhi nayo ina moyo wake. Ikikataa, imekataa. Bado una msimu mmoja, lakini mimi ningekuwa wewe nisingejichosha."

Nyuma yake, juu ya tuta kubwa lililojaa majani ya viazi vitamu, kuku wake walikuwa wakiparua.

Bibi shamba alifika mwezi huohuo wa kiangazi. Alikuwa binti mrefu anayeitwa Diana, mwenyeji wa Nyasura pale Bunda, aliyehamishiwa kata yao hivi karibuni. Anastazia alimwona akishuka kwenye pikipiki na moyo ukajifunga. Watu wa ofisini aliowajua yeye walikuwa wale waliokuja na Makongoro siku za mtambo wa marudio.

"Umekuja na shemeji?" aliuliza bila salamu.

"Hapana, mama. Nimekuja na pikipiki. Shikamoo."

"Marahaba. Shamba lenyewe ndilo hilo, limekufa. Umeona, nenda."

Diana hakwenda. Aliomba jembe, na kwa kuwa hakupewa, alichukua lililoegemea ukutani. Alichimba shimo pale katikati ya mtama mkavu, akapiga magoti, akamwita Anastazia aangalie. Juu palikuwa na ule udongo wa bondeni, mgumu, umekatika vipande kama matofali. Chini yake mchanga wa marudio, bado una unyevu. Na weupe ulikuwa umepanda kutoka kule chini, ukapita ndani ya udongo mzuri, ukatua juu.

"Mchanga huu ofisi yetu iliuchukua mwaka jana ikaupeleka maabara," Diana alisema. "Dawa yao haikuonekana. Kilichobaki ni chumvi. Sasa mama, koroboi unaijua?"

"Nani asiyeijua koroboi?"

"Mafuta yako chini, moto uko juu. Nani anayapandisha?"

"Utambi."

"Basi jua ndiyo moto, na udongo wako ndiyo utambi. Ulivyoushindilia, umekazana, unavuta vizuri zaidi. Umeipa chumvi ngazi."

Anastazia aliutazama mti wake wa kushindilia uliokuwa umelala kando ya mlango. Ilimuuma kama vile amemkuta rafiki yake akiongea na adui. Sakafu zote alizogonga Bweri na Bunda zilipangiwa kwanza mawe chini. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa akiwagombeza mafundi wanaoyaruka, kwa sababu bila mawe kuta hupanda chumvi na kumomonyoka. Hakuwahi kufikiri kwamba shamba nalo linaweza kuumwa ugonjwa wa nyumba.

"Kwa hiyo niweke mawe," alisema taratibu.

"Kokoto. Lile rundo la kule mashimo ya machimbo lipo, hakuna anayelitaka. Kokoto zinakata utambi. Halafu juu yake udongo mzuri, usiushindilie, uache ulale wenyewe. Na uwe na kina." Diana alisimama akaweka mkono kwenye goti lake. "Mpaka hapa."

"Goti lako au langu? Wewe ni twiga."

"La mtu mzima yeyote, mama. Usitumie la mtoto tu."

Anastazia alitaka kucheka, ila hasira ikawahi. "Unajua nilibebaje huu wa kiganja? Shingo yangu imeingia ndani. Sasa wa kufika goti nautoa wapi mimi? Kule bondeni wenyewe wameshanikataza kuchota. Nyie mnakujaga na maneno mazuri, halafu mnawasha pikipiki."

Diana alifuta mikono kwenye suruali. "Nikuulize na mimi. Kabla mtambo haujaja, hapa hapakuwa na udongo?"

"Palikuwa na udongo mweusi kama mkaa."

"Ulienda wapi?"

Anastazia aliinua kichwa. Macho yake yalivuka mikonge yakatua kwenye tuta la viazi la Makongoro, lile lililokuwa refu kuliko kibanda chake. Alikuwa akilitazama kila siku tangu msiba. Aliporudi aliambiwa ni udongo wa lambo la ng'ombe, naye akazoea kuliona kama kilima.

Kesho yake alikwenda kwa shemeji yake, akakataa kiti.

"Shemeji, ardhi yako siitaki. Nataka udongo wangu."

Makongoro alicheka hadi akakohoa. "Udongo una jina? Tuta lile nililitoa nilipochimba lambo la ng'ombe wangu. Waulize watu."

"Trekta lilisukuma."

"Uliliona? Si ulikuwa Musoma?" Alisema hivyo akitabasamu, na Anastazia alihisi damu ikimpanda masikioni. Ndiyo, alikuwa Musoma, akigeuza ubavu wa mtu anayekufa. "Na lile jiwe la mama?" Anastazia aliuliza. "La kusagia. Nalo lilikuwa kwenye lambo lako?"

"Nilishakuambia waliliiba watu wa mtambo. Naapa kwa mama mwenyewe."

Jiwe hilo lilikuwa na maana. Kwa desturi yao, jiwe la kusagia la mama huachiwa mke wa kitinda mimba, na linakaa katika nyumba hiyo milele. Halihamishwi wala haliazimwi, na lilipo ndipo ilipo nyumba. Chrispin alikuwa kitinda mimba. Mama mkwe alimwekea Anastazia mikono juu ya jiwe lile kabla hajafa, na Wegesa alikuwa ameshuhudia.

Siku chache zikapita. Anastazia alianza kufikiria kurudi Bweri kwa dada yake, akafunga vyombo vyake vichache, akavifungua, akavifunga tena. Asubuhi moja, alipokuwa ameinama kwenye mafiga, alisikia yowe.

Yowe kule halisikilizwi ukiwa umekaa. Likipigwa, maana yake ng'ombe wameibwa au mtu anauawa, na asiyekimbilia hutozwa mbuzi na kudharauliwa. Wanaume walitoka na mikuki na marungu, wanawake na mapanga ya kuni. Hata Mzee Yakobo alikuja, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Sauti ilitoka kwenye tuta la viazi la Makongoro, na mwenye tuta alifika wa kwanza akihema.

Alikuwa Wegesa. Alikuwa ameketi juu ya tuta, jembe pajani, miguu imenyooka mbele, anapiga yowe bila haraka, kama mtu anayeimba akitwanga.

"Wewe! Ng'ombe wako wapi?" Makongoro alifoka.

"Ng'ombe wako zizini, wanacheua."

"Sasa unatuitia nini? Umerukwa na akili?"

Wegesa alimngoja Mzee Yakobo amalize kupanda. Ndipo akasogeza majani ya viazi kwa jembe. Katika shimo, nusu likiwa bado limeshikwa na udongo mweusi, lilionekana jiwe la kusagia, katikati limebonyea, kona moja imemeguka.

"Nilikuja kuchimba viazi vya mchana," alisema. "Jembe likalia. Sijaligusa, msije mkasema nimelileta. Mzee, hiyo kona niliimegua mimi nikiwa binti, mama akanichapa mpaka jirani akaja kunitetea. Ndiyo jiwe lenyewe. Na kama jiwe liko hapa, nyumba ya kitinda mimba iko hapa. Mimi nimekalia nyumba ya wifi yangu, na nimekula viazi vyake misimu yote hii."

 Anastazia alikuwa amefika nyuma ya watu. Alipita katikati yao, akaingia shimoni, akachimba kwa vidole pembeni ya jiwe. Alitoa kipande cha udongo mgumu, laini upande mmoja kama sahani. Akatoa kingine.

"Sakafu yangu," alisema.

Kila mwanamke pale alikuwa amewahi kukalia sakafu hiyo. Kipande kilipita mkono kwa mkono, wakikipapasa. Makongoro alitazama mkuki wake kana kwamba amesahau kazi yake.

"Uliapa kwa mama," Mzee Yakobo alimwambia.

"Mzee, trekta lile…"

"Nyamaza." Mzee aliinama akavaa kiatu chake cha pili. "Udongo urudi ulikotoka."

"Sawa," Makongoro alisema kwa meno. "Achukue. Aubebe mwenyewe, na asikanyage viazi vyangu."

"Hatabeba mwenyewe," Wegesa alisema. "Mmekuja kwa yowe, mtakuja kwa risaga. Nani hapa hajawahi kulimiwa na wenzake?"

Risaga ni kazi ya kualikana. Mwenye shamba anapika togwa, na ukishakunywa huna ujanja tena, lazima ushike jembe. Jioni hiyohiyo Wegesa alihamishia kitanda chake kwenye kibanda cha Anastazia, maana kaka yake alikuwa amekitupa nje.

"Nimechelewa kukusemea, wifi," alisema akiwa mlangoni.

"Umechelewa sana," Anastazia alijibu. Kisha akasogeza jungu la togwa ampishe apite.

Walikuja. Wengine walikuja kwa aibu, wengine kwa togwa, Anastazia hakujali tofauti. Walianza kwa kukwangua ule weupe wa juu na kuutoa. Mkokoteni wa ng'ombe ulileta kokoto kutoka rundo la mashimoni, zikatandazwa shamba zima. Kisha tuta likaanza kushuka, karai kwa karai, kuvuka mikonge kurudi nyumbani. Diana alikuja siku ya Jumamosi na buti za mpira, akabeba kama wengine, na wanawake walimtania kwamba goti lake litamaliza udongo wa wilaya nzima. Anastazia alipima kwa goti lake mwenyewe. Alikuwa akitembea na kijiti kilichokatwa usawa huo, anakichomeka huku na huku, akikuta pamepungua anaita.

Mikono ilimwasha. Kila alipoona udongo umelala hovyo, umetifuka, alitamani mti wake. Mwishowe aliuchomeka juu kwenye paa la kibanda, asiuone. Mtu akipita katikati ya shamba alimfukuza kwa makelele: "Shuka hapo! Unanikazia utambi!" Watoto walilifanya neno hilo wimbo.

Udongo haukutosha kona ya mwisho, upande wa barabara. Pale ulibaki wa kiganja tu. Anastazia alipaacha hivyohivyo.

Vuli ilinyesha, ikausafisha udongo, naye akaweka samadi ya ng'ombe. Mwezi wa pili akapanda. Mtama uliota kama ulivyoota ule wa kwanza, na safari hii Anastazia hakufurahi, wala hakulala vizuri. Alishadanganywa na kijani.

Mwezi wa nne katikati mvua ilisimama. Jua lilikaa juu ya kijiji kama limepangishwa chumba. Asubuhi moja aliona ncha za majani zimeungua kule kona ya barabara. Makongoro alikuwa njiani, amesimama, anatazama kona hiyohiyo.

"Naona imeanza, shemeji," alisema.

Anastazia alimpa mgongo. Alichukua jembe akaenda katikati ya shamba, akachimba kati ya mistari. Udongo ulikuwa mweusi. Akachimba zaidi, akapiga goti, akaingiza mkono hadi kiwiko. Ulikuwa na ubaridi na unyevu, na mizizi ilikuwa imeshuka mingi, myeupe kwa uhai wake, si kwa chumvi. Vidole viligusa kokoto. Alitoa chembe ya udongo wa chini kabisa akaiweka ulimini.

Wegesa alikuwa amesimama nyuma yake, amejishika kichwa. "Wifi, sema!"

"Udongo," Anastazia alisema. "Ni udongo mtupu."

Wegesa alikaa chini palepale kwenye matifutifu, na Anastazia hakumfokea kwa kukazia.

Mwezi wa saba walivuna. Kona ya barabara haikutoa kitu, ikabaki na mabua yake makavu, na kila aliyepita aliona kiganja na goti vimesimama jirani. Kwingine kote masuke yaliinamisha mashina. Walisaga unga wa kwanza kwa jiwe la mama, lililokuwa limerudishwa mahali nyumba ilipokuwa, wakapokezana, wakibishana nani anasaga vibaya. Ugali wa unga huo Anastazia aliupeleka kwa wazee, kwenye viti vilevile vya plastiki.

Mzee Yakobo alimega, akatafuna, akameza. "Shamba ni la Anastazia," alisema. "Tusilisikie tena hapa."

Makongoro naye alinawa. Alikuwa mwenye uwanja, asingeweza kukataa. Alimega tonge dogo.

"Ugali mzuri, shemeji."

"Ni udongo," Anastazia alisema, akamtazama mpaka alipomeza.

Hakumsamehe. Watu walimwambia samehe, padri alimwambia samehe, na yeye alisema ndiyo baba, kisha akarudi nyumbani na hasira yake kama alivyokwenda nayo. Ila sasa ilikuwa na mahali pa kukaa, haikumzuia kulala.

Kiangazi hicho alianza nyumba, karibu na kaburi la Chrispin, kuzunguka jiwe la mama. Kuta zilipofika juu, alipanga mawe chini, moja moja, akamwaga udongo. Kisha akapanda kwenye kiti akauchomoa mti wake wa kushindilia kutoka kwenye paa la kibanda, akaupangusa utando wa buibui.

"Na hapa tusikanyage?" Wegesa aliuliza mlangoni.

"Hapa njoo ukanyage," Anastazia alisema, akaanza kugonga. "Si ulisema ukianza kucheza hutoki?"